Jiwe Lililochoka

Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa na saa ya mfukoni yenye mnyororo, na miaka yote aliyonifundisha hakuniruhusu kuigusa. Naanza na saa hiyo kwa sababu watu wakisikia nilisoma enzi za Mdachi, hapa hapa Dodoma, mbio huniuliza habari za viboko. Viboko nilikula, hamsa ishirini kamili, na mgongo umepona. Saa ile ndiyo sijaisamehe.

Shule ilikuwa kando ya boma, chumba kimoja cha udongo chenye ubao uliopasuka. Serikali ilitaka makarani na wakalimani tu, watu wa kuandika majina na kujumlisha kodi. Mwalimu wetu aliona kazi hiyo ni matusi. Kwao Ulaya alikuwa amesoma fizikia mpaka akakaribia udaktari, ile fizikia ya kukaa na kalamu na kuwaza, halafu profesa wake akamkataa. Akaja kutumalizia sisi hasira yake. Hewa yetu aliichukia, uji wetu aliuchukia, na jinsi tulivyokuwa tukicheka aliichukia kuliko vyote.

Lakini jioni, wenzetu wakishaondoka, alibakiza wanafunzi wawili: mimi, Mgogo wa upande wa Mvumi, na mwenzangu, Mrangi kutoka Kondoa, kijana msafi aliyekunja kanzu yake kila alipokaa. Alitufundisha kwa nini kitu huanguka na kwa nini mwezi hauanguki. Akichora ubaoni uso ulimlainika. Kisha aligeuka, akakuta waliokaa mbele yake ni sisi, ukakunjamana tena. Nilimchukia, na kutwa nzima nilikuwa nikiisubiri jioni yake.

Reli ilikuwa imeshapita Dodoma siku alipotutangazia kwamba kuna nafasi moja katika shule kubwa ya pwani, darasa la juu la hesabu na fizikia. Moja tu. Mkaguzi angekuja baada ya mavuno, na kila mmoja wetu amweleze jambo alilolichunguza mwenyewe. Nyumbani wajomba zangu walikuwa wameshakata shauri: nikiikosa nafasi hiyo, nirudi kuchunga, maana ng'ombe hawachungwi na mwezi. Kwa hiyo niliitaka. Niliitaka mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Niliamua kuchunguza jiwe linaloning'inia kwenye kamba na kubembea. Nilitaka kujua kama linabembea kwa mwendo mmoja tangu linapoachiwa mpaka linapokaribia kusimama. Nikamfuata mwalimu.

"Bwana, naomba uniazime saa wakati wa likizo. Nitaitunza."

"Saa hii ni ya marehemu baba yangu," alisema. "Tafuta yako porini."

Sikupata saa porini. Nilichopata nyumbani ni mama na majirani zake wakipura uwele uwanjani, mbele ya tembe letu, wamesimama safu mbili wakitazamana, fimbo zinapanda na kushuka huku wanaimba. Nani aliyewahi kusikia Wagogo wakipura akathubutu kusema wanakosea mapigo? Safu moja inapiga, nyingine inanyanyua, na hakuna fimbo inayogusa fimbo. Nikasema moyoni, saa yangu hii hapa, tena ina sauti nzuri kuliko ile ya mnyororo.

Nikafunga jiwe zito kwa kamba ndefu ya ngozi kwenye tawi la mgunga ulioko pembeni ya uwanja. Wanawake walipoanza wimbo nililiachia, nikahesabu linabembea mara ngapi mpaka kiitikio kirudi. Mwanzoni lilibembea mara nne. Baadaye, jiwe likishapungukiwa nguvu na kwenda nafasi ndogo tu, likawa halimalizi hata ya nne, halafu tatu basi. Nilirudia siku nzima na kesho yake, na siku zote za kupura. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Jiwe lilikuwa linachoka! Mtu anachoka, ng'ombe anachoka, kwa nini jiwe lisichoke? Mama aliniona nikirukaruka chini ya mti akadhani nimeumwa na nge.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu kila kitu: kamba, jiwe, wimbo. Alinisikiliza amefumba macho.

"Na wimbo ulikuwa ule ule?"

"Ule ule, Bwana."

Aligonga kifuniko cha saa kwa ukucha. "Vizuri," alisema. "Mweleze mkaguzi hivyo hivyo."

Hakuwahi kuniambia vizuri kabla ya siku ile. Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevishwa nguo mpya.

Mkaguzi alikuwa mnene na mchangamfu. Nilipomaliza kusema aliinuka, akaning'iniza kipande cha chuma kwenye boriti, akatoa saa yake mwenyewe, akaniamuru nihesabu kwa sauti. Nilihesabu lilipoachiwa, nikahesabu lilipokaribia kusimama. Hesabu ilikuwa ile ile. Akaniambia nirudie, ikawa ile ile tena. Alipouliza nilipima kwa kitu gani, nikamjibu kwamba nilipima kwa wimbo wa kupura, alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mwalimu wangu alikuwa anatazama nje ya dirisha. Mwenzangu wa Kondoa alisimama, akalainisha kanzu, akakariri habari za mwezi kama zilivyoandikwa kitabuni, bila kuongeza wala kupunguza. Hakuwa amechunguza hata sisimizi. Nafasi alipewa yeye, akaondoka kwa gari moshi, na sikwenda stesheni kumuaga.

Siku hiyo nilimfuata mwalimu akiwa anafunga mlango.

"Bwana, ulijua?"

"Nilijua siku ile ile." Hakuona hata haya. "Wanawake wenu huanza polepole, wakipata moto wanaharakisha, wote kwa pamoja. Kila mavuno nawasikia, kelele tupu. Jiwe lako halikuchoka. Wimbo ndio uliokimbia."

"Mbona hukuniambia?"

"Profesa wangu aliniacha mwaka mzima na kosa katika mstari wa kwanza, naye aliliona. Ndivyo tunavyofunzwa." Akaitazama saa yake, akaifunga, tap, akaenda zake kula.

Neno moja tu lingetosha. Hata angeguna! Amekwishakufa zamani, nasikia aliugua malaria wakati wa vita, na mimi bado nabishana naye nikiwa peke yangu njiani, tena kwa sauti.

Nikarudi kuchunga. Mavuno yaliyofuata, mmoja wa majirani alikuwa mgonjwa, mama akanipa fimbo nishike nafasi yake kwenye safu. Nilikuwa nikipura uwele tangu sijaota ndevu, mikono inajua kazi yenyewe. Tukaanza. Tulipofika katikati nikasikia mapigo yanasogea. Sikukubali. Nikashikilia mwendo tuliouanza nao, nikang'ang'ana nao kwa hasira, mpaka fimbo yangu ikagongana na ya jirani yangu, nyingine ikampiga mtu vidole, na wimbo ukakatika.

"Una nini wewe?" mama aliuliza.

"Mnakimbia, mama."

"Tunakimbia wapi?"

"Wimbo. Mlianza taratibu, sasa mnakimbia."

Wanawake walitazamana. Mama alijifuta jasho kwa kiganja, akanitazama kama anavyomtazama ndama asiyetaka kunyonya.

"Mwanangu, tukibaki hapo hapo tutachoka."

Akanyoosha mkono, nikampa fimbo. Akaniambia nikakae kwenye kivuli cha mgunga, nikaenda nikakaa. Safu zikajipanga upya, wimbo ukaanza tena, taratibu, mtamu kama ulivyokuwa siku zote. Kisha nikasikia wameanza kuharakisha, wote kwa pamoja, na hapakuwa na aliyesikia isipokuwa mimi.