Mtungi wa Sufyani

Mama Ghalibu alikuwa hajakanyaga kijiji chake cha zamani tangu walipohamishiwa bondeni, ili wachimbaji wafukue magofu ya Warumi yaliyokuwa chini ya nyumba zao. Siku moja mwanawe Ghalibu, anayewatembeza mahujaji katika nchi za Biblia, akampakia kwenye basi lao.

Ndani ya jumba dogo la makumbusho, Ghalibu alisimama penye sanduku la kioo. Humo mlikuwa na mtungi, na mifupa midogo ndani yake. Akawasimulia wageni habari za mama wa Kirumi aliyemzika mwanawe humo, nao wakasikitika. Mama Ghalibu akauona ufa uliozibwa kwa lami. Akamvuta Ghalibu mkono.

"Huyo nimemzika mimi, mwanangu."

"Mama, punguza sauti."

"Kwani hao wanajua Kiarabu? Ni Sufyani, kaka yako. Hakumaliza hata wiki."

Mvua za baridi zilikuwa zimeifunga njia ya makaburini, na baba mtoto yuko jeshini. Yeye na mama mkwe wakachukua mtungi wa zeituni wenye ufa waliouziba kwa lami, mmoja wa ile mitungi ya kale ambayo kila mkulima aliifukua kwa jembe, wakamlaza humo na kumfukia chini ya mtini uani. Malori ya kuwahamisha yalipokuja, waliulizwa habari za magodoro na mbuzi. Ya chini ya udongo hakuna aliyeuliza.

Ghalibu alimwendea mkubwa wa makumbusho, akaomba kaka yake azikwe kwa Waislamu wenzake. Akajibiwa kwa upole, upole ule unaokera kuliko tusi: mtungi ni wa Kirumi, kwa hiyo na mtoto ni wa Kirumi. Na lami? Lami hata Warumi walikuwa nayo.

Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Asubuhi ya Idi, wenzake walipokwenda makaburini kugawa sadaka za marehemu wao, yeye alipanda mlimani penye makumbusho na kapu la maandazi ya tende. Akasimama karibu na kile kioo, akawagawia mahujaji. Walimshukuru sana, wakampiga picha, wakausifu ukarimu wa watu wa nchi hii.

Bibi mmoja wa kigeni akamuuliza Ghalibu leo kuna sherehe gani.

Ghalibu alimtazama mama yake, kisha akageukia mtungi.

"Si sherehe," akasema. "Mnakula hitima ya kaka yangu."