Almasi ya Neema imezaa

Wajukuu zangu nyie, tangu zabibu zivunwe hakuna aliyekanyaga hapa Hombolo. Mna nini?

Basi mmekosa ya leo.

Mwenzenu Neema, huyu anayeniandikia haya, ana mchezo wa kulima kwenye simu. Kachimba wiki nzima, kapata almasi moja. Eti ampe kijana wa humo ndani ili amuoe!

Almasi yenyewe moja! Nani anagawa mbegu yote?

Alipokwenda kuoga nikachukua simu, nikaitia kwenye ile mashine ya humo ya kuzalisha vito. Ikameza, kimya.

Neema kurudi, kilio: "Bibi, umenimalizia almasi yangu!"

"Nyamaza. Nimeipanda."

Siku za humo ni fupi. Maharage yangu jikoni hayajaiva, zimeshapita tano. Mashine ikatoa almasi, na ile ya kwanza bado imo ndani, inaandaa nyingine!

Nikapiga vigelegele. Jirani akaja mbio: "Mahari imefika?"

"Almasi imezaa!"

Tukacheka mpaka maharage yakaungua.

Yule kijana kapewa yake. Hata shikamoo hakunipa.

Kwa hiyo yeyote wenu akija, aje na mchumba wa kweli, na huyo mchumba aniamkie kabla hajakaa.