Sipigi Magoti Kwenye Lami

Sipigi magoti kwenye lami. Nimeshasema, na nitasema tena, awe baba mkwe, awe askofu.

Kwetu Bariadi, mwanamke aliyeolewa hamsalimii baba mkwe wake akiwa wima. Anashusha mzigo, anapiga magoti, anatazama chini, anasema "Mwadila, baba," na anabaki hapo mpaka mzee amalize kuulizia watoto, ng'ombe na mvua. Sina ugomvi na hilo. Nimelelewa hivyo, na uani napiga magoti bila kunung'unika. Ugomvi wangu ni pale njia panda, barabara ya Maswa inapokutana na ile ya kwenda mnadani. Pale wanapita malori, na sisi tunasalimiana kama tuko uani.

Mke wa shemeji yangu alipiga magoti pale siku ya mnada. Alikuwa anavuka na kapu la nyanya, baba mkwe wetu akatokea upande wa pili, wakakutana katikati. Akashusha kapu, akashuka chini. Lori la pamba likakata kona, macho ya dereva yakiwa kwa ng'ombe waliokuwa wanaswagwa pembeni. Angekuwa amesimama, labda angeonekana. Mzee aliwahi kuruka. Yeye hakuwahi kuinuka, na hospitali walimkata mguu juu ya goti.

Nyumbani wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Mkono gani? Lilikuwa lori, na mchana kweupe. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Ndipo ikaja kampeni ya usalama barabarani. Ofisi ya kata ilitafuta wanawake wa sokoni wanaojua kusema na watu kwa Kisukuma, nami nikajitokeza. Tukapewa vizibao vya reflekta, kipaza sauti na vipeperushi. Tazama kulia, tazama kushoto, vuka kwenye zebra. Zebra yenyewe ilikuwa imefutika siku nyingi. Kuhusu magoti hakukuwa na neno hata moja, maana walioandika vile vipeperushi hawajawahi kuolewa Simiyu.

Zamu yangu ilipofika, nikaweka kipeperushi mfukoni, nikasema kwa Kisukuma, "Akina mama, katikati ya barabara hakuna mkwe! Mkikutana naye, vukeni kwanza. Salamu ni huku kando. Na ninyi wazee, msisimame kungoja kupigiwa magoti, mtatumaliza!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwendesha guta mmoja akasema huyu mama ameshindikana. Kabla sijarudi nyumbani, maneno yalikuwa yamenitangulia.

Kesho yake baba mkwe akaniita. Nikaenda, nikapiga magoti uani kwake kama inavyotakiwa. Mume wangu alikaa pembeni anakagua viatu vyake.

"Umenivua nguo mbele ya mnada mzima," mzee akasema. "Utarudi na kile kile kipaza sauti, uyafute maneno yako. Usipoyafuta, usikanyage tena kwangu."

Niliumia, sitaki kudanganya. Pale ndipo wanangu walipozaliwa, na pale ndipo nilipotegemea kuzikwa. Kabla sijafungua mdomo, mke wa shemeji yangu akaingia kwa magongo yake, akasimama mbele ya mzee.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu, mama yangu," mzee akaitika, sauti imelainika kabisa. "Usihangaike na magoti. Wewe tumekuruhusu."

Hapo nikainua uso, jambo ambalo mkwe hafanyi.

"Baba, hiyo ruhusa na mimi naitaka," nikasema. "Nitoe mguu upi, wa kulia au wa kushoto?"

Mzee alinitazama, kisha akautazama ule mguu usiokuwepo. Nikainuka kabla hajaniambia niinuke, nikakung'uta kitenge changu, nikaondoka. Mume wangu alinifuata baadaye. Mnada uliofuata nilikuwa njia panda na kipaza sauti, narudia yale yale, na nilihakikisha spika imeelekea upande wa kwake.

Sijakanyaga kwake tangu siku hiyo. Watoto huenda kumsalimia, mimi hubaki. Lakini juzi nilikuwa pale njia panda na reflekta yangu, nikamwona anavuka. Mke wa mwanawe wa mwisho, binti aliyeolewa majuzi tu, alikuwa anatokea upande wa pili na ndoo ya dagaa kichwani. Wakakaribiana katikati ya lami, binti akaanza kushusha ndoo. Mzee akampungia mkono apite, akavuka moja kwa moja bila kusimama. Binti alipomaliza kuvuka, na lori moja lilipokwisha kupita, akageuka, akarudi kwa uangalifu mpaka upande wa mzee, akapiga magoti kwenye vumbi. Mzee alikuwa anamngoja.

Mimi hakunitazama, wala hajanisemesha mpaka leo. Basi asinisemeshe. Yule binti ana miguu yake miwili.