Karani wa Orodha ya Asubuhi

Karani wa kliniki yetu huandika orodha ya wagonjwa kwa vidole viwili. Akimaliza jina, huinua miwani, hulisoma kwa sauti ya chini, kisha huguna, maana kompyuta imeshaligeuza kuwa neno la Kiingereza. Hulifuta, huliandika upya, husoma tena. "Wahu. Ndiyo, Wahu." Majina themanini kila asubuhi, na chai yake hupoa kando bila kuguswa. Jana nilichoka kumsikiliza. Nikamwambia, "Mama, hii kitu ya kugeuza majina inazimwa. Ni dakika moja tu." Akafunika kipanya kwa kiganja chenye madoa ya wino wa muhuri.

"Wacha," akasema bila kuniangalia. "Mwaka jana kuna mzee alitoka Uthiru, akakaa hapo kwa benchi kutoka asubuhi mpaka tukafunga. Hakuna mtu alimwita. Kwa orodha yangu hakukuwa na jina lake, kulikuwa na neno tu, na mimi sikuwa nimelisoma." Akashusha pumzi. "Siku utazima hiyo kitu, nitaacha kuwasoma hawa watu mmoja mmoja." Kisha akainua miwani, akarudi kwa jina lililofuata, Munir.