Kitabu Kilichosomeka Kimerudi

Faustina hakusomea mambo ya maktaba. Alimaliza darasa la saba kwao Kilolo, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akaja Iringa mjini na binti yake Gloria mgongoni. Chuo kimoja cha Kanisa kikampa ufagio. Alifagia madarasa, kisha kanisa, kisha maktaba, na hapo kwenye maktaba ndipo Mungu alipomwekea kazi yake.

Sista mzee aliyekuwa akitunza maktaba alimwona siku moja anaokota kurasa zilizochomoka, anatafuta kitabu kilichozidondosha ili azirudishe mle mle, badala ya kuzitupa kwenye ndoo ya takataka. Akamwita, akampa sindano. Kuanzia hapo Faustina akajifunza kushona migongo ya vitabu, kuvianika kidogo juani baada ya baridi ya Juni na Julai, na kuvipanga kwa namba zake. Sista alipoitwa kwenda kupumzika nyumba kuu ya masista, hakuletwa mwingine. Faustina akabaki na funguo, na watu wakazoea. Zilipokuja kompyuta alifundishwa mambo mawili tu, kuazimisha kitabu na kupokea kitabu. Kila jambo lilikuwa na kitufe chake. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote ya kompyuta, na kwa miaka hiyo ilimtosha.

Sasa, miongoni mwa waazimaji wake alikuwepo Mwalimu Joachim, katekista mstaafu, mume wa Rozalia. Na huyu Rozalia alikuwa rafiki wa Faustina wa jumuiya moja ya sala, wa kugawana chumvi na kupeana zamu ya kukesha na mgonjwa. Mwalimu alipenda kitabu kimoja kuliko vyote. Kilikuwa kitabu cha sala na nyimbo za Kihehe, zile za wazee wa kwanza kubatizwa, kilichopigwa chapa kwa mashine za zamani na kujalidiwa papo hapo misheni. Nakala ya pili haikujulikana ilipo. Mwalimu alikuwa akikiazima, akikirudisha, akikiazima tena siku hiyo hiyo, hata Faustina akawa anamtania kwamba angekioa tu kihalali kama alivyomwoa Rozalia. Rozalia naye alikishonea jalada la kitenge, kama tunavyofanya kwa Biblia zetu na vitabu vyetu vya nyimbo, kisichafuke kwa jasho la mikono. Na ndani yake Faustina alikuwa ameshona utepe wa kijani wa kuwekea alama ukurasa.

Mwalimu akaugua, akafa. Alikuwa amewausia watoto wake wasimtenganishe na kitabu chake. Watoto walikuwa wametoka mbali, mmoja Ubaruku kwenye mpunga, mwingine Sedekia, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya chuo. Wao walichokijua ni kitabu cha kitenge ambacho baba hakukiweka chini. Wakamlaza na rozari mkononi, na kitabu kifuani.

Faustina alipita kumuaga kama wengine. Aliona kitenge kwanza, akasema moyoni, labda ni kingine. Halafu akaona utepe wa kijani umening'inia pembeni, na mshono ule ulikuwa wa mkono wake. Akasimama pale pale, msururu ukakwama nyuma yake. Aliyekuwa nyuma yake akadhani ni uchungu, akamshika kiwiko. Rozalia alikuwa ameketi kichwani pa jeneza, amejifunika kanga, na macho yao yakakutana. Kwaya inaimba, padri amesimama, wajukuu wanalia. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungesema, jamani simamisheni, hicho ni kitabu cha maktaba? Faustina alifanya ishara ya msalaba, akapita. Jeneza likafungwa.

Lakini kompyuta haifiwi. Ilikuwa na kawaida ya kutuma ujumbe kwenye simu ya mtu aliyechelewesha kitabu, na simu ya Mwalimu sasa alikuwa nayo mjane. Faustina akamwaza yule mwanamke, hata matanga hayajaanuliwa, anasikia simu inalia, anasoma: Ndugu Joachim, unakumbushwa kurudisha kitabu. Hakuweza kulivumilia wazo hilo. Jumatatu alifungua maktaba, akawasha kompyuta, akalitafuta jina la marehemu, akabonyeza pale pa kupokea. Kitabu kikasomeka kimerudi. Akamwombea Mwalimu pumziko la milele, akaendelea na kazi.

Alidhani amefanya tendo la huruma. Na mimi nasema lilikuwa la huruma, ila lilifanyika mahali ambapo huruma haina kitufe chake.

Ulipita mwaka na zaidi. Chuo kikaungana na chuo ndugu cha Mbeya ili wasomaji wa huku na huku waone vitabu vyote kwenye katalogi moja ya mtandaoni. Ukaguzi ukahitajika, kwamba kila kitabu kilichomo kwenye katalogi kionekane rafuni, na kila kilicho rafuni kiwemo kwenye katalogi. Mbeya wakamtuma kijana wao, Gwakisa, na mashine ya mkononi ya kusoma zile stika za mistari zilizobandikwa kwenye vitabu.

Gwakisa alikuwa kijana wa heshima, mwenye utani ule wa kabila na kabila. Siku ya kwanza alimuuliza Faustina mbona banda la mbwa la chuo ni tupu, au Wahehe wameshamla. Faustina akamjibu kwamba wamemla, na supu yake imebaki, ila haitelemki bila ndizi, na ndizi alitegemea yeye Mnyakyusa azibebe. Wakacheka. Wakafanya kazi vizuri. Yeye anapitisha mashine, mama anashusha vitabu na kuvirudisha. Kila jioni kompyuta ilitoa majina ya visivyoonekana, na kesho yake wanaanza kuvisaka. Kimoja kilikutwa chini ya mguu wa kinanda kanisani, kimewekwa kusawazisha. Vingine vilikuwa kwa wanakwaya, kingine jikoni kwa sista mpishi. Faustina alifurahi kwa kila kilichopatikana, lakini furaha yake ilikuwa na mwiba, maana alijua mwisho wa kazi ile kutabaki kimoja.

Na kikabaki. Bahati mbaya ndicho hicho ambacho Mbeya walikuwa wamekiomba kabla ya vyote. Walitaka kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kisipotee duniani.

Gwakisa akamgeuzia kompyuta taratibu.

"Mama Gloria, hiki kilirudi. Na aliyekipokea ni wewe, jina lako hili hapa. Tangu siku hiyo hakijashikwa na mtu."

"Nitakitafuta, mwanangu."

"Au kuna mtu ulimpa hivi hivi, bila kukiandika? Niambie tu, mimi sio polisi."

Faustina akasema hakumpa mtu. Huo ulikuwa ukweli. Akaingia nyuma ya rafu kukitafuta kitabu ambacho alijua kiko makaburini, chini ya saruji. Alipapasa juu, akapapasa chini, mavumbi yakamwingia machoni, na kijana wa watu akapiga magoti akamsaidia kupapasa. Hiyo ndiyo aibu iliyomuuma kuliko yote yaliyofuata. Alitubu kwa ajili ya magoti yale.

Mkuu wa chuo, padri, alipopata habari aliwaita wote wawili. Hakufoka. Alisema kitabu kama hicho kina wanunuzi, watafiti wanakuja kutoka mbali na mifuko yao, na hakutaka kumfikiria mtu vibaya. Akampa Faustina mpaka Ijumaa, akumbuke.

Faustina hakwenda kwanza kwa padri kusema, alikwenda kwa Rozalia. Aliona si haki kumtaja marehemu pasipo ruhusa ya mwenye marehemu. Alimkuta uani anachambua maharage, wakasalimiana kwa kamwene, wakaulizana ya nyumbani, wakasifu mvua. Halafu akamweleza yote, ukaguzi, Mbeya, Ijumaa. Akamwomba jambo moja, waende pamoja kwa padri, Rozalia aseme kwa kinywa chake kwamba watoto walikosea bila kujua. Hakuna atakayemlaumu mtu, alisema. Kaburi lisiguswe, ijulikane tu.

Rozalia aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Nilijua," akasema. "Wakati wa kumvika nilijua. Nilikuona na wewe umejua. Nikasema, huyu ndiye dada, amenisitiri."

"Basi na mimi nisitiri, Rozalia."

"Kwa jina la Joachim? Unataka aitwe mwizi na yuko chini, hawezi kujitetea? Sedekia yuko kwenye bodi. Wataanza kusema familia ya katekista ilizika mali ya Kanisa."

"Mimi niko juu, wala siwezi kujitetea."

Rozalia akapekua maharage kwa kidole. Alipoinua uso, macho yake hayakuwa yale ya siku ya mazishi.

"Lakini si nyie wenyewe mnasema kompyuta inaonyesha kilirudi? Mume wangu alirudisha. Nani alikipokea?"

Hapo Faustina akaelewa. Lile tendo alilolifanya ili kumlinda mwanamke huyu, mwanamke huyu amelishika na kuliweka mlangoni kama komeo. Akamsaidia kuchambua maharage yaliyobaki, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure, kisha akaaga. Rozalia akamsindikiza mpaka kwenye kona, akamfungia na mboga kwenye mfuko.

Watu watauliza kwa nini hakusema peke yake. Alifikiria. Alijiona mbele ya padri, anasema kitabu kiko kaburini, na Rozalia anaitwa, anasema si kweli. Halafu ifanyikeje? Njia ya kuthibitisha ni moja tu, na hiyo hata kuitamka ni dhambi. Angekuwa amepoteza kitabu na pia amemtukana maiti. Alikaa na rozari yake, akaomba apewe neno lisilo uongo na lisilomwumiza mtu. Neno alilopewa lilikuwa fupi.

Ijumaa alisimama mbele ya padri na Gwakisa. Akasema:

"Baba, kilipotea mikononi mwangu. Nilibonyeza kimerudi na hakikuwa kimerudi."

Padri akauliza sasa kiko wapi. Faustina akainamisha kichwa. Padri akauliza tena, kwa upole, upole ule unaoumiza, na Faustina akasema hilo Mungu analijua. Mtu mwenye hatia husema vilevile.

Hawakumfukuza. Walisema ametumikia muda mrefu, na tena ni mama wa jumuiya, kwa hiyo watamstahi. Wakachukua funguo za maktaba, wakampeleka bwaloni kuosha sufuria za wanafunzi. Gwakisa alikuja kumuaga kabla ya kupanda basi la Mbeya. Alisimama kwenye mlango wa bwalo, utani wote umemwisha. Alisema amebadilisha kwenye katalogi, sasa inasomeka kimepotea, na kwamba ukaguzi umekamilika, vitabu na kompyuta vinasema jambo moja. Kisha akasema polepole, "Mama, mimi najua sio wewe." Faustina alikausha mikono kwenye aproni, akamshukuru kwa lugha ya kwao, ndaga, mwanangu, safari njema. Alitamani kijana yule angelisema neno lile siku ya Ijumaa, mbele ya padri. Hakulisema, na Faustina hakumlaumu. Alijua mwenyewe jinsi ilivyo rahisi kunyamaza mahali pa heshima.

Maktaba ilipewa binti wa diploma. Siku moja Faustina alipita dirishani na ndoo, akaona vitabu vimelazwa kifudifudi, migongo imepasuka. Akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa Rozalia. Faustina alifikiri asiende, akaenda, maana mtu akikosa jumuiya watu humtafutia sababu. Walikaa kwenye mikeka, asubuhi ya baridi, mashuka mabegani. Picha ya Mwalimu Joachim ilikuwa ukutani, amevaa koti lake la ukatekista. Injili ikasomwa, watu wakashirikishana maneno machache, ikafika zamu ya maombi. Mmoja akaombea mavuno. Mwingine akaombea wagonjwa. Rozalia, mwenye nyumba, akafumba macho.

"Tuwaombee ndugu zetu wanaokabidhiwa mali ya Kanisa," alisema kwa sauti nzuri, ile sauti yake ya kusoma masomo. "Uwajalie moyo wa uaminifu, na walioanguka uwainue. Ee Bwana..."

Watu hawakugeuka kumtazama Faustina. Waliinamisha vichwa kwa pamoja, kwa huruma, wakajibu. Faustina alikuwa ameketi karibu na mlango. Alitazama picha ukutani, akatazama mikono yake iliyochubuliwa na majivu ya sufuria. Alijua kwamba asipojibu wataona, na akijibu anatia sahihi.

"Twakuomba utusikie," akasema pamoja nao.

Baada ya sala Rozalia alizungusha chai. Kikombe cha Faustina alikijaza kuliko vya wengine, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Faustina alikinywa chote. Kisha akaomba beseni, akaviosha vikombe vya watu wote, akavifudikiza juani uani, akaondoka.