Mchanga Ndani ya Bomba

Ukiona bomba jeusi la maji limelala kwenye shamba la vitunguu au kando ya lambo huku Mara, kuna uwezekano mkubwa limetoka kwenye karakana yangu Musoma. Nasema hivyo bila kuona haya. Nilizaliwa Butiama, nikaenda Dar es Salaam kuchukua stashahada ya ufundi mitambo, nikatumika miaka mingi kwenye kiwanda cha watu, kisha nikarudi na mashine kuukuu ambayo wenzangu waliniambia niiuze kama chuma chakavu. Niliifufua mwenyewe, nati kwa nati.

Wageni huuliza bomba tunalikunjaje. Halikunjwi. Tunasaga madumu ya plastiki ya zamani, tunaosha chenga zake, tunazikausha, halafu tunazimimina kwenye faneli. Chini ya faneli kuna parafujo ndefu inayozunguka ndani ya silinda ya chuma iliyovishwa hita. Parafujo inasukuma chenga mbele, zinasuguana, zinaiva, zinakuwa uji mzito. Uji unapita kwenye chujio la waya, unabanwa kwenye tundu la duara lenye kiini katikati, na upande wa pili linatoka bomba, laini na la moto, likiingia kwenye hodhi la maji baridi ili lishike umbo. Mbele ya hodhi kuna mashine ya kuvuta. Ikivuta haraka, bomba linakuwa jembamba. Ikisinzia, linakuwa nene. Mimi huujua unene kwa vidole kabla sijatoa kipimo mfukoni. Wapo wanaodai nao wanaweza. Sijawaona.

Kazi ya kwanza kubwa niliyoitaka ilikuwa ya kikundi cha wafugaji wa Mugeta. Walihitaji bomba la kutoa maji lamboni hadi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Wakilikubali langu, wafugaji wa Bunda nzima wangenifuata. Wakilikataa, habari ingefika minadani kabla sijafika mimi, na mashine ingerudi kuwa chuma chakavu kweli.

Kukausha chenga nilimpa mama mmoja wa kijiji cha ufukweni, mtu aliyeishi kwa kuanika dagaa tangu usichana wake. Chenga zikibaki na unyevu, bomba linatoka na malengelenge. Asubuhi ile nilikuwa na haraka ya kuwasha hita.

"Hizi ni za bomba la ng'ombe wa Mugeta," nikamwambia. "Zianike kama dagaa, mama."

"Haya, injinia."

Tulipoanza kazi, kipimo cha mgandamizo kilipanda na mota ikaanza kuguna. Nikaamua plastiki haijaiva, nikaongeza moto. Baada ya muda mshale ukashuka ghafla. Nilijipongeza kwa sauti, na wote waliokuwepo walinisikia.

Wafugaji walikuja kushuhudia majaribio. Tuliziba ncha zote mbili za kipande cha bomba, tukakijaza maji na kuanza kupampu. Mshale wa kipimo cha pampu haukufika hata nusu. Vijitundu vikafunguka hapa na pale, maji yakachirizika membamba kama nyuzi. Mwenyekiti wao, mzee mrefu mwenye fimbo, aliinama akatazama kwa makini.

"Kijana wetu," akasema, "ng'ombe wa Mugeta hawalambagi bomba. Wanakunywaga."

Wenzake wakacheka. Nikaanza kumweleza habari za joto. Akanikatiza kwa upole.

"Tunakupa wiki moja. Ikishindikana tunaagiza huko huko Dar ulikosomea."

Walipoondoka nilichukua kisu nikachana bomba. Ndani ya ukuta wake kulikuwa na punje zinazometameta. Nikafungua kichwa cha mashine: chujio lilikuwa limetoboka katikati, na pembeni limejaa mchanga. Ule mgandamizo ulioshuka nikajipongeza, kumbe ni waya uliopasuka. Nikamwita mama.

"Chenga ulianika wapi?"

"Mchangani."

"Mchangani?"

"Si ulisema kama dagaa?"

"Mama, mimi nimekula dagaa wa hapa maisha yangu yote. Hawana mchanga."

"Hao ni dagaa wa watu, tunawaanikaga kwenye kichanja. Wa kuku tunaanikaga mchangani, kuku hawajali." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Na wewe ulisema ni za ng'ombe. Sasa mimi ningejuaje ng'ombe wako wana daraja gani?"

Stashahada yangu ilikuwa ukutani nyuma yake, kwenye fremu ya kioo, na haikunisaidia.

Siku mbili zilizofuata nilivua parafujo, nikaisugua, nikafunga chujio jipya la nyavu tatu. Yeye akatengeneza vichanja kwa miti na nyavu kuukuu, akasaga na kuosha chenga upya, akawa anazigeuza kwa viganja na kuzisikiliza zinavyolia. Zikilia kavu, ananipa. Safari hii mshale ulitulia mahali pake kutwa nzima, na bomba likatoka jeusi, linang'aa kama mgongo wa kambare. Naomba nisiwe mnyenyekevu hapa: halikuwa na dosari.

Mzee wa Mugeta aliporudi, alipampu kwa mkono wake mwenyewe mpaka akatoa jasho. Bomba halikutoa hata tone.

Tulikwenda kulilaza wote, na mama nikamchukua. Maji yalipoanza kumwagika birikani, ng'ombe walisukumana, na mwenyekiti akapiga magoti akapapasa bomba kutoka birikani hadi linapozama ardhini.

"Hili halifanani na lile la kwanza," akasema. "Umeagiza Dar?"

"Limetoka Musoma, mzee," nikasema, na kifua kilinijaa. "Kwenye mashine yangu."

"Lile la kwanza lilikuwa la kuku," mama akamwambia. "Hili ni la watu."