Majina Niliyofuta Nyuma ya Karte za Papa

Admin, tafadhali jina langu lisionekane, na shule niliyosoma usiitaje. Huku kwetu Masisi, upande wa Nyabiondo, tunajuana sote.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane. Nimemaliza sekondari mwaka huu, niko nyumbani na Mama, tunalima maharagwe. Nina haya sana. Darasani mwalimu akiniuliza kitu nilijibu nikiangalia viatu vyangu, kwa hiyo ni rahisi kwangu kuwaeleza ninyi nisiowaona.

Papa, baba yangu, alifariki mwaka jana kwa ugonjwa. Aliacha mkebe wa maziwa ya unga wenye karte ishirini na sita za wachezaji wa mpira, zile ndogo zilizotoka ndani ya chingamu wakati nchi ingali inaitwa Zaïre. Nyuma ya kila karte kulikuwa na jina kwa kalamu ya risasi, kila moja kwa mwandiko wake. Nikiwa mdogo nilimwomba anipe moja. Alisema, "Hizi haziko zangu." Nilidhani ananitania, sikuuliza tena. Mimi huwa siulizi.

Mwezi uliopita nilimwonyesha Papa Muhindo, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mwenye duka hapa sokoni. Yeye amekusanya karte hizo tangu utoto, anazo ndani ya albamu, kila moja na plastiki yake. Alivaa miwani, akazigeuza moja moja kwa ncha za vidole.

"Binti, uko na kitu kikubwa," alisema. "Koleksio nzuri haiko wingi. Pembe zikae kali, rangi isipauke, na mugongo uwe safi kama siku karte ilitoka mu chingamu. Sasa banani hawa baliandika-andika hapa? Muntu akiandika nyuma, ameua karte."

"Sijui, Papa."

"Bon, ufute polepole. Kisha tupige foto, nionyeshe barafiki zangu. Batashangaa: mutoto wa Masisi!"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia nina kitu kikubwa. Kwa siku tatu nilikaa mlangoni mchana na kifutio changu cha shule, nikafuta majina yote ishirini na sita, nikipuliza vumbi lake chini. Nilifikiri ninampa Papa heshima.

Wiki iliyofuata alifika mama mzee kutoka Kalembe, anaitwa Mama Bahati. Alikuja kutupa pole. Alichelewa hivyo kwa sababu barabara haikuwa salama. Alipomaliza kula alifuta mikono kwenye kitenge, akaniambia, "Sasa unionyeshe karte ya mutoto wangu. Ile ya golikipa mwenye bandeji ku goti."

"Mutoto gani, Mama?"

"Bahati wangu. Papa yako hakukwambia?"

Akanieleza. Papa alisoma Kalembe, darasa moja na Bahati. Siku kijiji kilipotawanyika kwa vita, bibi yangu alikuwa na shimo chini ya migomba, mahali alipofukia chumvi na majembe kila watu walipokimbia. Watoto wa darasa walimletea Papa karte zao azifukie pamoja. Kila mmoja aliandika jina lake nyuma, ili wakirudi wasigombane. Waliorudi walichukua zao. Zilizobaki ni za wale ambao hawajarudi mpaka leo.

"Mwaka mumoja tukasikia mwenzao mumoja iko muzima kule Walikale," Mama Bahati alisema. "Papa yako akaenda na miguu kumupelekea karte yake. Alirudi anaimba: Mama, zimepunguka!"

Papa Muhindo hufurahi albamu yake ikijaa. Papa yangu alikuwa akiomba mkebe ule ubaki mtupu.

"Nyumba yetu iliungua na foto zote," mama yule aliendelea. "Kaburi hakuna. Mukono wake tu, vile aliandika nyuma ya ile karte, njo ulibakia. Sijui kusoma, lakini mukono wa mutoto wangu naujua. Alikuwaka anaminya kereyo, ile kalamu ya risasi, mpaka mwalimu anamucheka: Bahati, uko unaandika ao uko unalima?" Alicheka mwenyewe, peke yake.

Nikadanganya. Nikasema mkebe uko dukani kwa Papa Muhindo na duka limefungwa. "Haiko mubaya," alisema. "Nitarudia Siku ya Mungu, kanisa ikiisha." Amebaki kwa ndugu zake hapa karibu.

Alipoondoka nilitoa karte ya golikipa, nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Risasi yote imetoka, lakini mifereji ya herufi imebaki. Nikamwambia Mama. Alikuwa anachagua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Kamata kereyo, upitishe mu ile mifereji. Unataka kumuzikisha mutoto wake mara ya pili?"

"Lakini itakuwa mukono yangu, Mama."

"Itakuwa yako namna gani, na njia ni yake?"

Mara mbili nimeweka ncha ya kalamu kwenye ile B, mara mbili mkono umekataa. Na hizo nyingine ishirini na tano? Wengi waliandika bila kuminya, migongo ya karte zao sasa ni mitupu. Nakumbuka majina tisa tu. Nayasema shambani nikipalilia, na baada ya la tisa nasikia kimya, kama darasa ambalo mwalimu ameacha kuita orodha na watoto wangali wamekaa wanangoja. Watoto wakiitana barabarani nasimamisha jembe, nasikiliza, labda lile nililolisahau litapita.

Siku ya Mungu ni keshokutwa. Nikipitisha kalamu, mama yule atapapasa jina na kufurahi, na nitakuwa nimemdanganya juu ya kitu pekee kilichombakia. Nikisema kweli, nitamwambia usoni kwamba mwanawe alivumilia vita yote ndani ya mkebe, halafu nikamfuta mimi, mchana, nikiwa nafurahi.

Ninyi ambao mnangoja watu wenu, mngependa kupewa nini mkononi? Nishaurini kabla hajabisha mlango. Nifanye nini?